Mizigo Mbele ya Kuta

Vijana wanaokuja studio kwangu kutaka ushauri wa kamera huja na swali lile lile. Wameshaona kwenye simu zao kuta za Nairobi zenye sura za watu kubwa kuliko nyumba, wameona matatu zilizochorwa kuanzia bampa hadi paa, wameona kazi za Wachata Crew wa Dar es Salaam. Sasa wananiuliza: sisi wa Tabora tupige nini? Huku kwetu ni vumbi, miembe, nyumba fupi na mabati.

Nawajibu hivi: tafuta ukuta wowote ulioandikwa au kuchorwa kwa mkono, simama upande wa pili wa barabara, usubiri mzigo upite. Nimeshika kamera katika mji huu tangu enzi za filamu. Riziki yangu ni picha za pasipoti, za mahafali na za harusi, lakini picha ninazozipenda kuliko zote nimezipiga nje, na karibu zote zina mambo hayo mawili: nyuma kazi ya fundi wa rangi, mbele mtu na alichokibeba.

Ushauri huo nimepewa na mji wenyewe. Tabora imejengwa na mizigo. Waarabu na Waswahili wa pwani walipoweka makazi Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, katika nchi ya Unyanyembe, mwanzoni mwa miaka ya 1850, walifuata njia ambayo Wanyamwezi walikuwa wameshaizoea kwa miguu yao. Kutoka Bagamoyo ni zaidi ya kilomita 800. Richard Burton na John Speke waliingia Kazeh tarehe 7 Novemba 1857, siku ya 134 tangu waondoke pwani. Kwenda bara zilipita nguo za merikani, shanga na nyaya za shaba. Kurudi pwani zikapita pembe za ndovu. Zote zilipita juu ya kichwa au bega la mtu. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, zaidi ya kilo 30, siku baada ya siku. Katika njia hiyo hiyo walipitishwa watu waliofungwa minyororo, waliokuwa wao wenyewe wamefanywa bidhaa. Sipigi picha ya njia ile bila kuwakumbuka.

Jambo ambalo wapiga picha wa leo hawalifikirii ni jinsi msafara ule ulivyojipamba. Wapagazi wa Kinyamwezi walifanya kazi kwa ujira na waliionea fahari. Kirangozi, yaani kiongozi wa msafara, alitangulia na vazi jekundu, manyoya kichwani, akiwa na bendera nyekundu ya Sultani wa Zanzibar. Ncha ya pembe kubwa ilifungwa kengele ya ng'ombe ili ilie kila hatua. Msafara ulipokaribia kuingia mjini, watu walivaa nguo zao nzuri zilizokuwa zimehifadhiwa safari nzima, baragumu zikapulizwa, bunduki zikafyatuliwa. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sanaa ya mtaani ya kwanza ya Tabora, nayo ilikuwa ikitembea.

Reli ilifika kutoka Dar es Salaam mwaka 1912, ikafika Kigoma 1914, na mwaka 1928 tawi la Mwanza likakamilika. Baba yangu alikuwa mtu wa reli, kwa hiyo mimi nimekulia kwenye vishindo vya mabehewa. Reli ilimaliza upagazi wa masafa marefu. Haikumaliza kubeba. Mizigo ilihamia kwenye vipande vifupi vya safari: stesheni hadi sokoni, sokoni hadi mtaa wa Ng'ambo, Ng'ambo hadi kijijini.

Ukikaa kwenye kona yoyote ya Gongoni au Isevya asubuhi, utaiona mizigo hiyo. Baiskeli yenye magunia ya mkaa yaliyofungwa kwa kamba za mpira, mwenyewe akiisukuma kwa sababu hapana pa kukalia. Madumu ya njano ya asali kutoka misitu ya miombo ya Sikonge. Godoro lililokunjwa nyuma ya bodaboda, abiria akilikumbatia. Kuku waliofungwa miguu, vichwa chini, kwenye usukani. Guta limebeba sofa nzima, na juu ya sofa amekaa mtoto. Msimu wa maembe, kuanzia Novemba, magunia ya lumbesa yanapita tangu alfajiri, na msimu wa tumbaku malori yanaingia kutoka Urambo na Kaliua yakiwa na marobota yanayonukia barabara nzima. Kuna akina mama wanaobeba beseni la samaki wa Kigoma kichwani bila kulishika, mikono yote miwili ikiwa inafanya jambo lingine. Huwezi kumpanga mtu akasimama vile kwenye studio.

Sasa geukia kuta. Kinyozi amechorewa vichwa vinne, kila kimoja na mtindo wake wa kunyolewa, na mara nyingi kimojawapo kinafanana na msanii wa Bongo Fleva bila kumtaja. Bucha lina ng'ombe mnene wa kahawia anayetabasamu. Fundi baiskeli ana spoku na pampu. Duka la dawa lina nyoka na kikombe. Nyumba ya urithi imeandikwa kwa herufi kubwa nyekundu kwamba haiuzwi na kwamba watu waogope matapeli. Hapo umepewa ugomvi wa ukoo mzima kwa mistari miwili. Kuna ukuta unaokataza kukojoa na kutaja faini yake. Kuna X nyekundu kwenye nyumba zilizoingia hifadhi ya barabara au ya reli, na X hiyo hubaki miaka, mpaka wenye nyumba wanaipaka chokaa, nayo inachungulia chini ya chokaa.

Halafu kuna rangi za kampuni za simu. Kwa muda mrefu maduka ya mitaani yalipakwa rangi za kampuni hizo kuanzia msingi hadi dari, na mwenye duka akapata ukuta mpya bila gharama. Novemba 2024 Tigo ilibadilishwa jina ikawa Yas, na kuta zilizokuwa na jina la zamani zikaanza kupakwa upya. Mimi nilitoka na kamera wiki hizo kwa shauku niliyokuwa nayo nilipokuwa binti. Ukuta unaopakwa upya unaonyesha matabaka yote: rangi ya sasa, ya jana, na pembeni kipande cha tangazo la sabuni la zamani sana ambalo kila mtu alikuwa ameshalisahau. Usiingoje rangi ikauke. Picha iko pale ambapo nusu imepakwa.

Na kuna maandishi mengine yanayotembea, nayo ni kanga. Mama aliyevaa kanga anapopita mbele ya bango, unapata kauli mbili ndani ya fremu moja, moja ya ukuta na moja ya mgongo wake, na wala hazikupangwa zikutane. Siku ukifanikiwa kuzinasa zote mbili zikisomeka, picha hiyo utaitazama maisha yako yote. Mimi nazikusanya. Ni chache, kwa sababu kanga hukunjika palepale penye jina.

Kwa upande wa ufundi, sina mengi ya kufundisha. Chagua ukuta kwanza, mtu atakuja. Wengi hufanya kinyume: wanamwona mtu wa kuvutia, wanamkimbilia, wanampiga picha mbele ya chochote kilichokuwepo, na picha inajaa nguzo za umeme na nusu ya gari. Ukuta ukishauchagua, tulia. Weka fremu yako kamili, mistari ya bango ikiwa imenyooka, uache nafasi upande anakotokea mtu. Ukitumia simu, gusa ukuta kwenye skrini na ushikilie ili mwanga na fokasi vifungwe. La sivyo kila anayepita atabadilisha mwanga wa picha nzima. Ukitumia kamera, kasi ya 1/250 ya sekunde humsimamisha mtu wa baiskeli. Ukishuka hadi 1/30 na kumfuata kwa kamera, ukuta utavutika uwe michirizi ya rangi na magunia yatabaki makali. Napenda njia ya kwanza zaidi, kwa kuwa nataka bango lisomeke.

Mwanga wa Tabora una tabia zake. Tuko upande wa magharibi wa nchi lakini saa zetu ni moja na za Dar es Salaam, kwa hiyo jua letu huchomoza karibu nusu saa nyuma ya la kwao. Ukiamka na ratiba ya mtu wa pwani utasubiri gizani. Saa moja hadi saa mbili na nusu asubuhi mwanga hupita chini ya matawi ya miembe na kulamba ukuta kwa ubavu, na kila alama ya brashi inaonekana. Kiangazi, hasa Agosti na Septemba, moshi wa nyasi zinazochomwa na vumbi hufanya jua la jioni liwe la rangi ya kutu, zuri sana kwa kuta za bluu. Mwanzoni mwa Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba jua hukaa utosini kabisa kati ya saa sita na nusu na saa saba mchana. Wengi huacha kamera ndani. Mimi hutoka, maana kwa dakika chache hizo mtu aliyebeba beseni hana kivuli barabarani ila duara dogo miguuni pake, na uso wake wote umo ndani ya kivuli cha mzigo wake.

Wapo wengine duniani waliotangulia kupenda kuta. Paris, Brassaï alianza miaka ya 1930 kupiga picha michoro iliyochongwa na watu wasiojulikana kwenye kuta za mitaa, akaendelea kwa miongo mingi. New York, Helen Levitt alipiga picha michoro ya chaki ya watoto mwishoni mwa miaka hiyo hiyo, mara michoro peke yake, mara na watoto wenyewe. Namweka Levitt juu ya Brassaï, kwa sababu kwake mchoro una mwenyewe. Na kuna picha moja ambayo Henri Cartier-Bresson alisema ndiyo iliyomsukuma kushika kamera: wavulana watatu wakiyakimbilia mawimbi, picha ya Martin Munkácsi ya mwanzoni mwa miaka ya 1930. Imejulikana duniani kwa jina la Ziwa Tanganyika, mwisho wa njia yetu ya misafara, ingawa wapo watafiti wanaosema ilipigwa Liberia. Popote ilipopigwa, huwaonyesha vijana picha hiyo ili waache kudhani kwamba picha nzuri huanzia Ulaya na kuletwa kwetu.

Sisi wenyewe tuna ukoo wetu. Capital Art Studio ya Unguja ilifunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, na ukitazama kazi za studio za pwani utaona walivyojali mandhari ya nyuma. Studio niliyojifunzia kazi ilikuwa na kitambaa kilichochorwa bustani, ngazi na ndege inayoruka. Watu walisafiri kutoka vijijini waje kusimama mbele ya ndege ile. Miaka ya 1990, wapiga picha wa kivuko cha Likoni, Mombasa, walijenga vibanda vyao barabarani na kuvipamba kwa mandhari za kuchora na kubandika: meli, majumba, maua. Studio ilitoka nje ikawa mtaa. Ninaposimama mbele ya bango la kinyozi nikisubiri mpita njia, nafanya kazi ile ile ya Likoni, isipokuwa mimi sikuchora na mpita njia hakulipa.

Picha ya Tabora iliyosafiri mbali kuliko zote haikupigwa kwa kamera hata kidogo. Mwaka 1916, Wajerumani wakiwa wamezingirwa na vita, walitengeneza sarafu za dharura kwenye karakana ya reli hapa mjini, na sarafu ya dhahabu ya rupia 15 ilichongwa tembo aliyeinua mkonga mbele ya mlima. Septemba mwaka huo jeshi la Wabelgiji liliuchukua mji. Tembo yule leo yumo kwenye makabati ya wakusanya sarafu duniani kote. Nikiona ng'ombe wa bucha aliyechorwa vizuri, humfikiria mchongaji yule kazini, mashine za reli zikinguruma pembeni yake.

Ukitaka kuiona njia yenyewe ya misafara, nenda Kwihara, kilomita chache nje ya mji, kwa baiskeli au kwa mguu. Kuna tembe alimokaa David Livingstone baada ya kuachana na Henry Morton Stanley Machi 1872, akisubiri wapagazi mpaka Agosti. Sasa ni makumbusho, na Kwihara imo pamoja na Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde na Ujiji kwenye orodha ya awali ya UNESCO ya mwaka 2006 ya njia kuu ya biashara ya watumwa na pembe. Wageni hupiga picha mlango wa nakshi na kuondoka. Mlango ni mzuri, lakini tazama na ukuta wa udongo ulivyo mnene, mwanga unavyoingia uani, paa lilivyo bapa. Na ukiwa njiani, simama chini ya miembe mikubwa. Wenyeji husimulia kwamba ilichipua kutokana na kokwa za misafara. Watu wanaopita chini yake leo wana kuni, maji na magunia.

Mwaka 1873 mwili wa Livingstone ulipita Unyanyembe ukiwa umebebwa kutoka Chitambo, katika Zambia ya leo, kuelekea Bagamoyo. Chuma na Susi, waliouongoza msafara ule, majina yao yanajulikana. Wengine wengi waliobeba hutajwa mara chache. Kwangu mimi hilo ni deni la kila anayepiga picha katika njia hii.

Kwa hiyo omba ruhusa, na uombe kwa adabu ya hapa. Mwenye ukuta mzee mwamkie shikamoo kabla ya kuitoa kamera, mweleze unachotaka, kaa kidogo. Mbeba mzigo huwezi kumsimamisha, mzigo ni mzito. Mpige picha, kisha mfuate, mwonyeshe, na akikataa ifute mbele ya macho yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inampa mtu haki juu ya taarifa zake, na sura ya mtu ni taarifa yake. Watoto, zungumza na mzazi. Stesheni, mwone kwanza mkuu wa stesheni. Na maeneo ya jeshi, ambayo mji huu unayo, usielekeze kamera huko kabisa, hata kama jengo ni la kale na zuri kiasi gani.

Kinachoniharakisha sasa ni mabango ya fleksi. Yanachapwa kwa kompyuta kwa saa moja, ni nafuu, yanang'aa, na sura zake zimetolewa intaneti: kinyozi wa Chemchem anatangaza kwa vichwa vya watu wa Marekani ambao hajawahi kuwanyoa. Simlaumu mwenye duka. Lakini fundi wa mabango ninayemfahamu, mtu wa Ng'ambo aliyechora nusu ya mabucha ya mji, sasa anapata kazi ya namba za pikipiki na misalaba ya makaburi. Nilipomwonyesha picha za kazi zake za zamani alizitambua zote, hata zile zilizokwishapakwa rangi juu, akanitajia bei ya kila moja na aliyemlipa na aliyemdhulumu. Kumbe saini yake ndogo ilikuwa kwenye kona ya kila bango, chini kulia, mahali ambapo mimi nilikuwa nikikata fremu.

Siku hizi kona ya chini kulia siikati. Nyuma ya kila picha naandika mtaa, mwezi na mwaka, aina ya mzigo, jina la aliyeubeba kama amekubali kulitoa, na jina la fundi wa bango. Aliyepigwa picha anapata nakala ya karatasi bure, kwa sababu simu hupotea. Zimeshatosha sasa kutundikwa, wala sitaki kuzitundika ukumbini; nataka ziwe nje, kwa ukubwa wa mlango, zionwe na wanaopita na mizigo yao. Fundi wangu wa Ng'ambo ameshakubali kuchora maandishi. Kinachokosekana ni mahali. Kama una ukuta unaoelekea barabara ya sokoni, upande wa Ng'ambo au Isevya, na huna mpango wa kuupaka rangi mwaka huu, njoo tuzungumze.